Kasha la kompyuta ya mezani: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

WATU wengi wanaokwenda dukani kununua kompyuta ya mezani huuliza habari za prosesa, kumbukumbu na diski, wakabishana bei hadi jasho likawatoka, kisha suala la kasha wakamwachia muuzaji. Hapo ndipo muuzaji hodari hurudisha faida aliyoipoteza katika mabishano. Kasha la bati jepesi lenye taa za rangi mbele hung'aa dukani kuliko kasha imara, na mnunuzi huondoka akiwa ameridhika. Hasara huja kuonekana baada ya miezi, pale kompyuta inapoanza kujizima yenyewe mchana wa joto, au fundi anapomweleza mwenyewe kwamba kadi mpya aliyoinunua kwa fedha nyingi haiingii ndani.

Hata lugha ya mitaani imelinyima kasha hadhi yake. Kwa watu wengi sanduku zima huitwa "CPU", ilhali jina hilo ni la prosesa peke yake, kipande kidogo kilichofichwa chini ya feni. Sanduku lenyewe limebaki bila jina, na kitu kisicho na jina ni vigumu kukiulizia sifa zake. Hata hivyo, katika vipuri vyote vya kompyuta, kasha ndilo linaloweza kudumu kuliko vingine. Prosesa hupitwa na wakati na diski hufa, lakini kasha lililochaguliwa kwa makini laweza kupokea madabodi ya pili, ya tatu na hata ya nne.

Hilo linawezekana kwa sababu ya makubaliano ya vipimo. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kanuni iitwayo ATX, iliyochukua nafasi ya mpangilio ulioanzia kwenye kompyuta ya IBM AT ya mwaka 1984. Kanuni hiyo ilieleza mahali pa kila tundu la skrubu, mahali pa kadi na mahali pa soketi za nyuma. Madabodi kamili ya ATX ina milimita 305 kwa 244. Mwaka 1997 ikafuata microATX, yenye milimita 244 kila upande, na mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ikaleta Mini-ITX yenye milimita 170 kila upande. Kwa kuwa matundu ya hizi ndogo yalipangwa yalingane na baadhi ya matundu ya ATX, kasha kubwa hupokea madabodi ndogo bila taabu; kinyume chake hakiwezekani. Kasha la ATX lililotengenezwa mwaka 2003 bado laweza kufungwa madabodi ya miaka hii, kwa sababu hata kile kibati cha mstatili cha nyuma, chenye matundu ya soketi, huja pamoja na madabodi na hubadilishwa kwa kidole.

Swali la kwanza basi ni ukubwa, na jibu lake kwa wengi ni dogo kuliko wanavyodhani. Kasha la ATX huwa na nafasi saba za kadi, la microATX nne. Zamani nafasi hizo zilikuwa na kazi: sauti ilihitaji kadi yake, modemu kadi yake, mtandao kadi yake. Sasa sauti na mtandao vimo ndani ya madabodi yenyewe, na nafasi nyingi hubaki tupu maisha yote ya kompyuta. Kwa mwanafunzi, kwa duka la kuchapa na kutoa nakala, hata kwa kijana mpenda michezo ya kompyuta, kasha la microATX hutosha. Kasha kubwa lina maana kwa mwenye diski nyingi au kadi ya grafiki ndefu. Yale madogo mno ya Mini-ITX hupendeza machoni, lakini ni ghali, humsumbua fundi na hubana joto. Katika miji ya pwani si chaguo la kwanza.

Mitumba ni habari nyingine. Mtu anayenunua kompyuta ya ofisini iliyotumika, ya aina ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk kwa mfano, hupata mashine imara yenye bati zuri kwa bei nafuu. Kosa ni kuinunua kwa nia ya kuikuza kidogo kidogo. Nyingi za mashine hizo, hasa zile nyembamba, zina madabodi na pawa saplai za umbo la mtengenezaji peke yake, na hata waya wa kitufe cha kuwashia una plagi ya namna yake. Madabodi ikifa, kasha hufa nayo. Dalili huonekana kwa nyuma: ikiwa matundu ya soketi yamekatwa moja kwa moja kwenye bati la kasha badala ya kuwa kwenye kibati kinachochomoka, hapo hakuna ATX. Pawa saplai ya kawaida nayo ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Isiyofikia vipimo hivyo ni ya aina nyingine, na kuipatia mbadala huenda kukagharimu kuliko mashine yenyewe.

Sokoni bado yamebaki pia makasha ya BTX, kanuni ambayo Intel iliileta mwaka 2004 kwa nia ya kuiondoa ATX, ikaiacha miaka michache tu baadaye. Yanatambulika kwa kifuniko chake, kwani hufunguka upande ulio kinyume na ule wa makasha ya kawaida. Huo ni mzigo wa chuma chakavu, hata muuzaji aseme nini.

Baada ya madabodi, vipimo viwili huleta majuto zaidi ya vingine vyote. Cha kwanza ni urefu wa kadi ya grafiki, unaopimwa kutoka bati la nyuma kuelekea mbele. GeForce RTX 4090 ya mwaka 2022, ile iliyotengenezwa na NVIDIA wenyewe, ina urefu wa milimita 304 na unene wa nafasi tatu. Za kampuni nyingine ni ndefu kuliko hiyo. Katika makasha ya zamani kizimba cha diski hukaa palepale mbele, na kadi ndefu hugota hapo. Cha pili ni kimo cha kipoza joto cha prosesa. Vile vinavyokuja pamoja na prosesa ni vifupi, lakini kipoza joto kikubwa kama Noctua NH-D15 kina milimita 165, na katika makasha mengi membamba kifuniko cha pembeni hakifungi. Vipimo hivi viwili huandikwa kwenye boksi la kasha. Visipoandikwa, rula ya shule hutosha.

Linalofuata ni joto, na hapa ndipo kasha huonyesha kama lilistahili fedha zake. Karibu umeme wote unaoingia ndani ya kompyuta hugeuka kuwa joto. Prosesa ya kawaida ya kazi za ofisi huhesabiwa wati 65, lakini Core i9-13900K ya mwaka 2022 imeruhusiwa kupanda hadi wati 253, na ile RTX 4090 hadi wati 450. Ukijumlisha, ni sawa na kuwasha balbu saba za kizamani za wati 100 ndani ya sanduku la bati na kulifunga.

Ikumbukwe pia kwamba kila nyuzi moja inayopanda chumbani hupanda karibu kwa kiasi hichohicho ndani ya kasha. Majaribio yanayochapishwa na magazeti ya kompyuta ya Ulaya hufanywa katika vyumba vyenye nyuzi 20 na kitu. Mwezi Februari Dar es Salaam au Mombasa, chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 32. Kasha lililosifiwa huko kwamba prosesa ilibaki kwenye nyuzi 80, hapa laweza kuifikisha 90, na prosesa ikikaribia 100 hujipunguzia kasi ili isiungue. Mwenye kompyuta huona imekuwa nzito, akalaumu virusi.

Dawa ni njia ya hewa. Hewa ya baridi iingie mbele, ipite juu ya vipuri, itoke nyuma na juu. Kwa hiyo uso wa kasha uwe wa wavu au wenye matundu mengi, na nyuma yake kuwe na nafasi ya feni za milimita 120 au 140. Feni ya milimita 120 ina eneo zaidi ya mara mbili ya ile ya milimita 80 iliyotumika katika makasha ya zamani. Husukuma hewa ileile ikizunguka polepole, nayo haipigi kelele. Feni mbili za kuingiza na moja ya kutoa huikidhi kompyuta ya kawaida. Makasha yenye kioo mbele na feni za taa za rangi nyuma ya kioo hicho ni mtego: hewa haipiti kwenye kioo, na feni hubaki zikinyonya kupitia ufa mwembamba wa pembeni. Jaribio la dukani ni rahisi. Washa kompyuta, weka kiganja mbele ya uso wa kasha. Ikiwa feni zinaunguruma na kiganja hakihisi hewa ikivutwa, uso huo umezibwa.

Wapo wanaotatua joto kwa kuondoa kifuniko cha pembeni na kuielekezea kompyuta feni ya chumbani. Kwa wiki ya kwanza njia hiyo husaidia. Baadaye vumbi hujaa kwenye mapezi ya kipoza joto kama blanketi, na joto hurudi likiwa kali kuliko awali, mbali na vidole vya watoto na mijusi wanaotafuta mahali pa joto pa kulala usiku.

Vumbi lenyewe haliwezi kuzuiwa lote, ila laweza kuelekezwa. Feni za kuingiza hewa zikiwa na nguvu kuliko za kutoa, hewa ya ndani husukuma nje kupitia kila ufa, na vumbi hubaki na mlango mmoja tu, pale penye chujio. Zikiwa dhaifu, kasha hunyonya vumbi kwa kila tundu. Chujio liwepo mbele, na liwepo chini kwa makasha ambayo pawa saplai hukaa chini, kama ilivyo kwa mengi ya sasa. Jambo linalosahaulika ni namna chujio linavyotoka. Linalochomoka kwa mkono husafishwa kila mwezi. Linalohitaji bisibisi na kulaza kasha ubavu halisafishwi kamwe.

Kuna kasoro nyingine ndogo ya makasha ya bei ya chini. Vibati vya kuziba nafasi za kadi vimeshikana na bati la kasha na huvunjwa ili kupitisha kadi. Kadi ikitolewa baadaye, tundu hubaki wazi, na hilo ndilo lango la mende na sisimizi. Kasha lenye vibati vya kufunga kwa skrubu lina gharama ya ziada inayostahili.

Kifuniko cha kioo kimekuwa mtindo, na kina hatari yake kwa nyumba za mijini. Kioo hicho kimekomazwa kwa moto. Uso wake ni mgumu sana, lakini kingo zake ni dhaifu. Marumaru za sakafuni ni ngumu kuliko kioo, na kona ya kifuniko ikigusa marumaru kwa nguvu hata kidogo, kioo chote hupasuka mara moja kuwa punje nyingi ndogo. Fundi anayekifungua akiweke juu ya mkeka, kitanda au boksi lake la karatasi ngumu. Nyumba yenye watoto wadogo itafaidi zaidi kifuniko cha bati.

Hatari kubwa kuliko hiyo haionekani kwa macho. Makasha mengi ya bei nafuu huuzwa yakiwa na pawa saplai ndani, na mara nyingi pawa saplai hiyo ndiyo sababu ya unafuu. Kibandiko huandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini ukweli umo katika safu ndogo ya volti 12, ambayo ndiyo inayolisha prosesa na kadi ya grafiki. Ampea zilizoandikwa hapo zizidishwe kwa 12: ikiwa ni ampea 18, pawa saplai hiyo ina wati 216 za maana, na zilizobaki ni za kusomwa tu. Nyepesi mkononi ni dalili nyingine mbaya. Alama ya 80 PLUS, mpango wa kuthibitisha ufanisi wa umeme ulioanza mwaka 2004, ni mwongozo mzuri, ingawa nayo hughushiwa. Mwenye uwezo anunue kasha tupu na pawa saplai mbali.

Pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, yenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Mashine ya mitumba iliyotoka Marekani huja ikiwa kwenye 115. Ikichomekwa kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230, au wa Kenya wa volti 240, kapasita hupasuka kwa kishindo na moshi, na wakati mwingine madabodi huondoka nazo. Swichi hiyo iangaliwe kabla waya haujachomekwa. Pawa saplai nyingi za kisasa hazina swichi, hujirekebisha zenyewe.

Kisha kuna lile lalamiko ambalo kila fundi amelisikia, kwamba kasha "linapiga shoti" mtu akiligusa akiwa pekupeku. Mara nyingi kasha halina kosa. Ndani ya pawa saplai mna kichujio ambacho kwa makusudi hupeleka umeme kidogo sana kwenye bati, kikitarajia waya wa ethi uupeleke ardhini. Soketi ya ukutani isipokuwa na ethi, au mwenye nyumba akitumia adapta ya pini mbili, umeme huo hukosa pa kwenda na bati hubaki na volti zinazoweza kufikia nusu ya zile za ukutani. Mkondo ni mdogo, huwasha tu mkono. Tatizo ni siku ambayo waya wa moto utachubuka na kugusa bati: pasipo ethi fyuzi haikatiki, na mguso wa siku hiyo si wa kuwasha. Kubadilisha kasha hakuponyi jambo hili. Aitwe fundi umeme apime ethi ya nyumba.

Kuhusu bati, mengi hupimika kwa kidole gumba. Kifuniko kikibonyea kwa msukumo mdogo, bati ni la nusu milimita hivi. Litatetemeka pamoja na diski na kugeuza kasha zima kuwa ngoma. Bati linalokaribia milimita moja hutulia. Kingo za ndani zipitishwe kidole polepole: kasha nzuri hukunjwa kingo, la ovyo hukata mkono wa fundi. Chuma cha makasha hupakwa zinki, lakini pale kilipokatwa zinki hukosekana, na kwa wakazi wa karibu na bahari kutu huanzia hapohapo. Alumini haishiki kutu kama chuma na ni nyepesi, ila bei yake ni ya juu na hupitisha mtetemo.

Soketi za mbele zitazamwe kwa kulinganisha na madabodi. Waya wa USB 2.0 huchomekwa kwenye pini 9, wa USB 3.0 kwenye pini 19, na tundu la mviringo la USB-C lina plagi yake ya tatu. Kasha lenye soketi ambazo madabodi haina pini zake litabaki na matundu ya mapambo. Nafasi ya kiendeshi cha DVD imetoweka katika makasha mengi mapya. Ofisi ambayo bado hupokea nyaraka kwenye diski hizo iulize mapema, au inunue kiendeshi cha nje.

Siku ya kuunganisha, kabla madabodi haijalazwa, hukazwa kwanza vinguzo vidogo vya shaba vinavyoinyanyua kutoka kwenye bati. Vinguzo vikae chini ya matundu ya madabodi tu. Kimoja kikisahaulika mahali pasipo na tundu, kitagusa njia za umeme kwa chini na kuleta shoti, na kompyuta haitawaka; wengi hurudisha madabodi nzima dukani kwa ajili ya kinguzo kimoja. Vinguzo hivyo, pamoja na skrubu za aina mbili zinazofanana sana lakini zisizoingiliana, huwa katika kifuko cha nailoni kilichofungwa ndani ya kizimba cha diski. Kifuko hicho kifunguliwe na kuhesabiwa kaunta, mbele ya muuzaji, kwa sababu kasha lililokwisha kurudishwa dukani na mteja mwingine mara nyingi huuzwa tena bila hicho.